Reto ya sinema za Kihindi: ni mavazi gani hasa?

Reto ni mwonekano wa zamani unaovaliwa leo kwa makusudi, mvaaji na mtazamaji wote wakijua kwamba wakati wake umepita. Sari ya bibi iliyokaa sandukuni ni sari kuukuu tu. Inakuwa reto siku mjukuu anapoitoa, akaivaa na blauzi isiyo na mikono, akatutumua nywele utosini na kuvuta wanja hadi nje ya pembe ya jicho.

Kwenye sinema za Kihindi, neno hilo halichukui zamani zote. Mara nyingi wanaolitaja wanafikiria miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni rangi. Picha zilipokuwa nyeusi na nyeupe, kitambaa kilichaguliwa kwa namna kitakavyong'aa au kufifia mbele ya kamera. Filamu za rangi zilipoenea baada ya Junglee (1961), skrini ikajaa rangi ya chungwa, waridi na feruzi. Mughal-e-Azam ya 1960 ina mavazi ya fahari kuliko karibu zote, lakini hayo ni ya kasri la wafalme wa Mughal. Yalikuwa ya kihistoria tangu siku yaliposhonwa, kwa hiyo hayaingii humu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni sari ya chungwa aliyovaa Mumtaz kwenye Brahmachari (1968), akicheza na Shammi Kapoor. Sari ya kawaida hufungwa, marinda yakachomekwa kiunoni, na mchezaji akiruka sana yanafumuka. Mbunifu Bhanu Athaiya aliishona hiyo tayari, ikiwa na zipu, kitambaa kikauzunguka mwili kwa kubana na pindo lake la dhahabu likipanda kimshazari. Mumtaz akaweza kutupa miguu atakavyo. Wanaoiga sari hiyo leo kwa kujifunga kitambaa na pini kumi wanateseka bure. Ile ilikuwa kama gauni. Athaiya ndiye aliyekuja kuwa Mhindi wa kwanza kushinda Oscar, mwaka 1983, kwa mavazi ya filamu ya Gandhi.

Ni yeye pia aliyemshonea mwigizaji Sadhana kanzu za kubana na suruali za churidar, zile zinazojikunja kifundoni, kwenye Waqt (1965). Nywele za Sadhana zilizokatwa zikalala juu ya paji la uso zilianza na Love in Simla (1960). Paji lake lilikuwa pana, ikatafutwa njia ya kulifunika kwa kumwangalia nyota wa Hollywood, Audrey Hepburn, na wasichana wa India wakaenda saluni kuomba "Sadhana".

Miaka ya 1970 ikaja na mengine: miwani mikubwa ya Zeenat Aman, blauzi ya madoadoa ya Dimple Kapadia iliyofungwa fundo kiunoni kwenye Bobby (1973), na suruali pana chini, zile ambazo huku kwetu ziliitwa bugaluu. Amitabh Bachchan naye alifunga fundo shati lake kwenye Deewaar (1975). Mwenyewe amesimulia kwamba lilitoka kwa fundi likiwa refu kupita kiasi.

Pwani yetu haikusubiri reto. Picha hizi zilionyeshwa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zikiwa bado mpya, na watu walitoka ukumbini wakijua nguo ya stelingi ilivyokatwa mabegani.

Leo reto inachanganya. Om Shanti Om (2007) ilipoirudisha miaka ya 1970, ilimpa Deepika Padukone nywele za kutumuka na wanja ambavyo vina harufu ya 1960 zaidi. Mtazamaji haoni kasoro. Ukitaka kujua kama vazi ni la miaka ya 1960 au 1970, tazama suruali: ikibana kifundo, ni ya mwanzo, ikifagia sakafu, ni ya baadaye.