Jasho si mafuta yanayoyeyuka

Wengi wanaoanza kukimbia ukubwani ili wapungue huvaa jaketi zito, au hujifunga nailoni tumboni, wakiamini jasho jingi ni mafuta yanayotoka. Sivyo. Jasho ni maji na chumvi kidogo, na kazi yake ni kupoza mwili. Uzito uliopotea kwa jasho hurudi ukishakunywa maji. Mafuta yakichomwa, sehemu kubwa hutoka kwa pumzi, ikiwa kaboni dayoksaidi.

Kinachohesabika ni umbali na uzito wako. Kukimbia hutumia takriban kilokalori 1 (kipimo cha nishati) kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kwa hiyo mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 hutumia kama 400. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban 7,700: mbio kama hizo 19 hivi. Soda ya nusu lita hurudisha karibu nusu ya mbio moja, kwa hiyo sahani nayo ina neno lake.

Jaketi hata linakufanya ukimbie umbali mfupi zaidi. Jasho likishindwa kukauka, joto la mwili hupanda, moyo hudunda kasi, nawe unaacha kilomita ya pili badala ya ya tano. Kwenye jua kali ni hatari kabisa.

Vaa nguo nyepesi. Kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8, siku 3 kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima. Miundi ikiuma, usiongeze dakika wiki hiyo.