Adimu si zamani

Juzi nimeletewa tena senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati na jina la Mfalme George. Mwenye nayo alikuwa ameifunga kwenye leso kama dawa, akaniambia taratibu: "Hii ni sarafu adimu." Si adimu. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na mpaka leo zimejaa kwenye makopo ya vifungo nyumbani kwa bibi zetu.

Sarafu adimu ni ile ambayo zilizobaki ni chache kuliko watu wanaozitaka. Maana ni hiyo tu.

Linaloniumiza ni neno lenyewe. Adimu tumelitoa Kiarabu, na mzizi wake unahusu kukosekana, kutokuwepo. Hakuna umri ndani yake. Tunasema sukari imeadimika, na hakuna anayeelewa kwamba sukari imezeeka. Kwa nini basi tukishika sarafu tunasahau?

Tazama Tabora mwaka 1916. Vita vimepamba moto, Waingereza wameziba njia ya bahari, na Wajerumani wameishiwa sarafu. Wakaanza kuzifua wenyewe palepale Tabora, kwenye karakana ya reli. Kwa shaba na shaba nyeupe ya maganda ya risasi wakafua heller 20, sarafu yao ndogo, zaidi ya milioni moja. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakafua rupia 15 yenye picha ya tembo, na hizo hazikufika hata 17,000. Mji mmoja, mwaka mmoja, umri uleule. Ya tembo ni adimu, watu wanaisaka dunia nzima. Ya heller 20 ni ya zamani, ina historia nzito, naipenda sana, lakini ukiitafuta utaipata.

Na upande wa pili ni hivyohivyo: sarafu inaweza kuwa ya juzi na ikawa adimu. Uingereza mwaka 2009 walitoa peni 50 yenye picha ya mnara wa bustani ya Kew, 210,000 tu kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 60. Zikaingia mtaani kama pesa nyingine yoyote. Walionunua mkate wakarudishiwa hiyo, wakaitumia tena kesho yake bila kuigeuza.

Kwa hiyo ile ya tundu, ndugu yangu, iite sarafu ya zamani, hujaivunjia heshima. Itunze, na tafadhali usiisugue kwa majivu na ndimu, maana ikishang'arishwa wakusanyaji hawaitaki tena. Ila kama ni adimu unayoitafuta, anza na chenji uliyopewa leo na konda. Soma mwaka, geuza upande wa pili, angalia kama picha imekaa sawasawa au mashine iliteleza kiwandani, kisha uliza zilitoka ngapi za namna hiyo.