Kabla hujamwambia hakimu "ni kweli"

Mama mmoja aliingia ofisini kwangu saa nane mchana, jasho likimtiririka, akafungua fundo la leso na kunitolea karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya hati ya mashtaka ya mwanawe. "Wakili mwanangu, hili ni jambo dogo. Mwenye duka ameshasamehe. Twataka utuandikie barua tu, kesi ifutwe."

Sikusoma maelezo kwanza. Nilitafuta nambari ya kifungu, na ilikuwa 281: mfanyakazi kumwibia mwajiri wake. Adhabu yake yafika kifungo cha miaka 7. Mali yenyewe ni mchele na mafuta ya kupikia ya shilingi 14,000, kutoka duka moja la Kongowea, hapa Mombasa.

Wengi wetu hupima kosa kwa thamani ya kitu kilichopotea. Sheria ina mizani nyingine. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, chasema jinai kubwa ni kosa lililotajwa hivyo na sheria, au ambalo halikutajwa kuwa dogo na adhabu yake ni kifo au kifungo cha miaka 3 na kuendelea. Wizi wa kawaida ni jinai kubwa hata ukiwa wa sufuria moja. Halafu kumpiga mtu ukamjeruhi, kifungu cha 251, kumetajwa kuwa kosa dogo, lakini waweza kufungwa miaka 5! Basi jina lisikupumbaze, tazama na miaka.

Lakini jina nalo lina kazi yake. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai chamruhusu hakimu kuwapatanisha watu, fidia ikalipwa na kesi ikaisha, ila chaishia pale jinai kubwa inapoanzia. Wazee wakae barazani, kahawa inywewe, Fatiha isomwe, kesi bado iko pale pale, kwa sababu mshtaki si mwenye duka. Mshtaki ni Jamhuri, mwenye duka ni shahidi. Upande wa mashtaka wenyewe hauwezi kuiondoa bila idhini ya mahakama. Na anayepokea pesa kwa makubaliano kwamba ataificha jinai kubwa au ataacha kuishtaki, yeye mwenyewe ametenda kosa. Hilo nikilisema ofisini, watu hutazamana.

Kadhalika kumsitiri mtu unayejua ametenda kosa, ukampeleka kwa shangazi Likoni ili asikamatwe, kwaweza kukufikisha kizimbani wewe pia. Mke anayemsitiri mumewe sheria imemwacha nje. Mama haikumtaja, na mimi naona hapo watunga sheria hawakuwajua mama.

Nikamuuliza huyu mama, "Kijana alijibu nini aliposomewa mashtaka?"

"Alisema ni kweli. Askari alimwambia akikubali atakwenda nyumbani."

Hapo ndipo nilipovaa viatu. Ukikubali kosa mbele ya hakimu na ukahukumiwa, rufaa yako hubaki juu ya adhabu tu, kama ni nzito mno au si halali. Kwamba ulitenda au hukutenda, mlango umefungwa. Kabla ya adhabu kutolewa, bado waweza kuomba kubadili jibu. Bahati yake, hakimu alikuwa akingojea ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia, na kijana yuko rumande Shimo la Tewa.

Nilipomfikia akanieleza kwamba mchele aliuchukua, ndiyo. Lakini alikuwa hajalipwa mshahara miezi miwili, na alimwambia tajiri wake wazi: nauza huu, nakata changu. Basi "ni kweli" yake ilikuwa kweli ya mchele, si ya wizi. Sheria yatambua mtu aliyechukua mali akiamini kwa nia safi kwamba ni haki yake. Kama mahakama ingemwamini au la, hilo ni la ushahidi, lakini alistahili kuulizwa.

Tuliomba, jibu likabadilishwa, dhamana ikatolewa. Dhamana ni haki yako chini ya ibara ya 49 ya Katiba ya 2010, hata kwa jinai kubwa, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kukuzuia. Ibara hiyo hiyo ndiyo inayowataka polisi wakufikishe kortini ndani ya saa 24, au, zikiishia nje ya saa za korti, siku ya kazi ya korti inayofuata, na ndiyo inayokuruhusu kunyamaza. Kunyamaza hakuna gharama, na ndiko watu wanakokuogopa kuliko yote.

Siku ya kusikizwa mwenye duka hakutaka kutoa ushahidi. Kiongozi wa mashtaka akaomba kuiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha ile sheria ya mwenendo wa kesi, hakimu akakubali, kijana akaachiliwa. Nje, chini ya mti, mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Imekwisha sasa, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli. Kesi iliyoondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea yaweza kuletwa tena kwa mambo yale yale. Ingekuwa imeondolewa baada ya hapo, angehesabiwa hana hatia.

Akaitazama ile karatasi kidogo, akaikunja mara nne, akairudisha kwenye fundo la leso.