Maana ya "ubongo wa kushoto" na "ubongo wa kulia"

Matokeo ya S4 (kidato cha nne) yakitoka, nyumba nyingi za Uganda huingia kwenye mjadala wa kombinesheni, yaani masomo ya kuchukua kidato cha tano na sita: PCM (fizikia, kemia, hisabati) au HEL (historia, uchumi, fasihi)? Siku hizi hakosekani mjomba aliyesoma mahali kwamba kijana "ni wa ubongo wa kulia", basi fizikia haimfai.

Kwa dhana hiyo, anayetumia zaidi upande wa kushoto ni mtu wa mantiki na hesabu, mahali pake ni sayansi. Wa kulia ni mbunifu, apelekwe fasihi.

Chanzo chake ni utafiti wa kweli. Miaka ya 1960 huko Marekani, Roger Sperry na Michael Gazzaniga waliwapima wagonjwa wa kifafa waliokatwa mkanda wa neva unaounganisha nusu mbili za ubongo. Neno likimulikwa haraka kushoto mwa mahali anapokazia macho, mgonjwa husema hajaona kitu. Aambiwe apapase vitu nyuma ya pazia kwa mkono wa kushoto, anaokota kile kile kilichotajwa! Nusu ya kulia, inayopokea yaonekanayo kushoto na kuongoza mkono wa kushoto, ilikwisha kuona. Ya kushoto, yenye kusema, haikupata habari. Sperry alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Lakini wale walikatwa mkanda. Wetu ni mzima, na nusu zote mbili hupashana habari muda wote. Ni kweli kwamba kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto, ila huo ni mgawanyo wa kazi, si aina ya mtu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu 1,011 wasione kundi la "wa kushoto" wala "wa kulia". Na nani alisema mshairi hahesabu? Mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, hautoki kwa hisia tupu.

Tabia ni suala jingine. Wanafunzi wa sanaa huelekea kupenda mawazo mapya kuliko wengine, ila huo ni wastani wa kundi. Haumwambii mjomba lolote kuhusu kijana aliyekaa mbele yake. Alama zake na anachokisoma bila kusukumwa vinasema zaidi. Tena akichukua PCM bado atafanya General Paper, somo la lazima kwa wote, aandike insha. Na wa HEL atakutana na hisabati ndogo (subsidiary) au kompyuta.