Kupanda daraja: timu inatokaje mchangani hadi Ligi Kuu

Kupanda daraja ni haki ambayo timu huipata uwanjani ya kucheza ligi ya juu zaidi msimu unaofuata. Kushuka ni kinyume chake. Maelezo hayo yanamtosha anayefuatilia Simba na Yanga tu. Kwa shabiki wa Arusha au Moshi hayatoshi, kwa sababu timu za huku nyingi ziko ngazi za chini, na kila ngazi ina namna yake ya kuchuja. Ndiyo maana mwisho wa msimu vijiweni hakukosekani mtu anayeapa kwamba timu yake imedhulumiwa, kumbe hakujua nafasi ya tatu inampa nini.

Tuanzie chini. Ligi ya Wilaya husimamiwa na chama cha soka cha wilaya: Arusha Jiji, Arumeru, Karatu, Hai, Rombo, Same na kadhalika. Timu bora za wilaya huingia Ligi ya Mkoa, iliyo chini ya chama cha mkoa, ARFA kwa Arusha na KRFA kwa Kilimanjaro. Bingwa wa mkoa huenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, maarufu kwa kifupi chake, RCL. Watakaofanya vizuri huko hupanda First League, kisha Championship, kisha Ligi Kuu. Majina haya mawili yalianza kutumika msimu wa 2021/22. Championship ndiyo iliyokuwa Ligi Daraja la Kwanza, na First League ndiyo iliyokuwa Ligi Daraja la Pili. Mchezaji anayekwambia alichezea Daraja la Kwanza kabla tu ya mabadiliko hayo anazungumzia ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu.

Mashindano ya ndondo, yaani yale ya mtaani ya kugombea zawadi, hayamo kwenye ngazi hii hata kidogo. Timu inaweza kuchukua kombe la mbunge na ng'ombe wa zawadi mbele ya uwanja uliojaa, na bado isisogee hata hatua moja, kwa kuwa haijasajiliwa kwenye chama cha wilaya wala haishiriki ligi yake. Vijana wengi wenye vipaji hupotelea hapo: ndondo inalipa posho leo, ligi ya wilaya inadai ada ya ushiriki.

Ngazi inayoumiza zaidi ni RCL. Katika ligi ya kawaida timu hucheza nyumbani na ugenini kwa miezi mingi, hivyo siku mbaya inaweza kufidiwa. RCL huchezwa kwa vituo. Mabingwa wa mikoa kadhaa hukusanywa mji mmoja, hupangwa kwenye kundi, na hucheza mechi zilizofuatana kwa karibu mno, wakati mwingine kwa mapumziko ya siku moja au mbili. Wanaosonga mbele hupelekwa kituo cha hatua inayofuata. Msimu mzima wa kazi mkoani unaweza kufutwa na dakika tisini za asubuhi ya jua kali kwenye uwanja wa vumbi.

Timu hukwama RCL kwa sababu zilezile karibu kila mwaka. Kikosi kina wachezaji kumi na wawili wa uhakika, na kufikia mechi ya tatu wanne ni majeruhi na mmoja ana kadi nyekundu. Fedha za malazi zilihesabiwa kwa hatua ya makundi tu. Timu ikifuzu, viongozi wanaanza kupiga simu kwa wafadhili huku wachezaji wakilala wanne chumba kimoja. Au kipa wa akiba aliachwa nyumbani ili kuokoa nauli. Kiongozi mwenye akili hupanga bajeti ya kituo cha mwisho kabla basi halijatoka Arusha, hata kama wenzake watamwona anajitabiria makubwa.

Championship ni mchezo mwingine kabisa. Tangu 2021/22 ina timu 16 katika msimamo mmoja, kila timu ikicheza mechi 30, nyumbani 15 na ugenini 15. Kabla ya hapo ilichezwa kwa makundi, na mfumo ule uliacha doa ambalo Arusha haiwezi kulisahau. Msimu wa 2015/16 kulikuwa na makundi matatu, na kinara wa kila kundi pekee ndiye aliyepanda. Katika Kundi C, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikifukuzana kwa karibu, na mabao ndiyo yangeamua. Siku ya mwisho Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro ya Arusha 7-0. TFF, shirikisho la soka nchini, ikaona huo ni upangaji wa matokeo, ikazishushia adhabu timu zilizohusika, na Mbao ya Mwanza, iliyokuwa nyuma yao, ndiyo ikapanda Ligi Kuu. Kundi dogo lenye tiketi moja lina udhaifu huo: wapinzani wasio na cha kupoteza ni wengi, na tofauti ya mabao inakuwa na thamani kubwa kuliko kawaida.

Katika mfumo wa sasa, wa kwanza na wa pili Championship hupanda moja kwa moja. Wa kwanza huchukua kombe, lakini kwa habari ya kupanda hawana tofauti. Mwaka 2024 walikuwa KenGold na Pamba Jiji, mwaka 2025 Mtibwa Sugar na Mbeya City. Kipimo cha haraka cha shabiki ni wastani wa pointi 2 kwa mechi, yaani 60 baada ya mechi 30. Timu iliyo chini ya wastani huo katikati ya msimu ijiandae kwa mchujo.

Mchujo wenyewe, ambao wengi huuita play-off, ndipo ubishi unapokolea. Kuna mechi za pande mbili. Huku Championship, wa tatu na wa nne hukutana nyumbani na ugenini. Mshindi kwa jumla ya mabao husonga. Kule Ligi Kuu, ambayo nayo ina timu 16, wa 15 na wa 16 hushuka bila mjadala. Wa 13 na wa 14 hukutana wao kwa wao: mshindi anabaki, na aliyefungwa hajashuka bado. Huyo ndiye anayekwenda kucheza na mshindi wa upande wa Championship, tena nyumbani na ugenini. Kwa hiyo timu ya Ligi Kuu inapewa nafasi mbili za kujiokoa, wakati ya Championship inatakiwa kushinda mara mbili mfululizo dhidi ya wapinzani wawili tofauti.

Mfumo huo unambeba mwenye nyumba, yaani timu iliyomo Ligi Kuu tayari, na matokeo yanaonyesha hivyo. Mwaka 2024 Tabora United ilifungwa na JKT Tanzania, kisha ikaizuia Biashara United na kubaki. Mwaka 2025 Fountain Gate, iliyokuwa ikitumia uwanja wa Babati, ilipoteza kwa Tanzania Prisons, ikaenda kuiondoa Stand United ya Shinyanga. Aliyevunja ukuta ni Mashujaa ya Kigoma mwaka 2023: iliitoa Pamba, ikaishusha Mbeya City. Kwa maoni yetu nafasi ya tatu ingestahili faida kidogo zaidi ya ile ya nne. Mechi 30 za kazi hazipaswi kuishia kwenye usawa kamili.

Timu zikilingana pointi, tofauti ya mabao ndiyo hutangulia. Mfano ulio wazi ni wa Ligi Kuu yenyewe: msimu wa 2023/24 Azam na Simba zilimaliza na pointi 69 kila moja, Azam ikawa ya pili kwa mabao, ingawa Simba ndiyo iliyokuwa na matokeo mazuri zilipokutana. Kocha wa Championship anayeridhika na 1-0 dhidi ya timu ya mkiani anaweza kuijutia Mei.

Msimamo pia hudanganya kwa sababu ya viporo, yaani mechi zilizoahirishwa. Timu yenye mechi mbili pungufu inaweza kuonekana ya sita kumbe mkononi ina pointi sita zinazowezekana. Kabla ya kupiga hesabu, angalia safu ya mechi zilizochezwa, ndipo uje kwenye pointi.

Pointi nyingine hupotea bila mpira kupigwa. Timu isiyofika uwanjani hupoteza mchezo, na mpinzani hupewa pointi 3 na mabao 3. Mwenyeji asiyekuwa na gari la wagonjwa anaweza kuukosa mchezo wote, maana mwamuzi haanzishi. Mchezaji aliyefikisha idadi ya kadi za njano iliyowekwa na kanuni hukosa mechi inayofuata, na akichezeshwa kwa uzembe wa katibu aliyepoteza hesabu, rufaa ya mpinzani inakuwa rahisi mno. Mtunza kumbukumbu makini ni wa bei nafuu kuliko mshambuliaji, na anaweza kuokoa pointi nyingi kama yeye.

Safari nazo ni mzigo. Timu ya Arusha inayocheza Songea au Kigoma inavuka nchi nzima kwa basi, inalala njiani, inakula njiani, na mapato ya mlangoni ya ngazi hizi hayawezi kurudisha hata mafuta. Ndiyo sababu timu za taasisi ndizo zilizodumu zaidi huku. JKT Oljoro ilicheza Ligi Kuu kuanzia 2011 hadi iliposhuka 2014. Polisi Tanzania, yenye makao Moshi kwenye uwanja wa Ushirika, ilipanda 2019 na kushuka 2023. Mbuni, ya jeshi pia, ni miongoni mwa zilizobeba jina la Arusha kwenye Championship. Mchezaji mwenye ajira hasubiri mfadhili ili ale. Timu ya mtaa hupanda kwa furaha ya mwaka mmoja, halafu deni la mwaka huo linaishusha.

Na Ligi Kuu kuchezwa mjini si sawa na mji kuwa na timu. Machi 2025 Coastal Union ya Tanga iliikaribisha Simba kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Arusha ikajaa. Lakini mechi ile ilihesabiwa ya Tanga. Njia nyingine ya mkato ni timu iliyokwisha kupanda kubadili jina au kuhamia mkoa mwingine, kama Kitayosce ilivyogeuka Tabora United mwaka 2023, na Ihefu ya Mbarali ikawa Singida Black Stars mwaka 2024. Mji unaopata timu kwa njia hiyo unaruka wilaya, mkoa, RCL na mchujo wote, na unaweza kuipoteza kwa njia hiyohiyo.