Ripoti ya Skani ya Korodani: Maswali Ninayoulizwa Dirishani

Mimi ni afisa wa rekodi za afya hapa Nairobi. Kazi yangu ni kusoma faili na kuandika msimbo wa kila ugonjwa. Wanaume hunijia na fomu mkononi, wakinong'ona.

Fomu yangu imeandikwa R93.8. Huo ni ugonjwa gani?

Si ugonjwa. Katika ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani, msimbo huo unasema picha imeonyesha kitu kisicho cha kawaida ambacho bado hakijapewa jina. Daktari akishathibitisha, msimbo hubadilika: N43 ni maji kujaa kuzunguka korodani, I86.1 ni mishipa ya damu ya korodani iliyovimba, C62 ni saratani.

Basi kama si ugonjwa, naweza kungoja?

Hapana! Kijana mmoja alichomoa bahasha ya kaki kutoka mfuko wa nyuma, imekunjwa mara nne, ina doa la chai. Ndani: uvimbe mgumu, korodani ya kushoto. Tarehe ilikuwa ya miezi saba nyuma. "Haukuwa unaniuma," akasema.

Haya maneno yamenichosha. Saratani ya korodani mara nyingi huanza kama uvimbe usiouma, tena huwapata zaidi vijana. Ikiwahiwa, wengi sana hupona. Hata korodani moja ikitolewa, ile nyingine ikiwa nzima kwa kawaida hutosha kuzaa.

Lakini hauumi hata kidogo.

Nimekusikia. Rudi kwa daktari na hiyo ripoti, wiki hii.

Na maumivu yakija ghafla?

Usingoje skani, usingoje kupambazuke. Korodani ikijisokota, damu haipiti; zikipita saa sita hivi tangu maumivu yaanze, uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka. Kununua dawa ya maumivu dukani na kulala ndiko kunakoipoteza. Panda boda uende hospitali yenye upasuaji, hata kama ni saa nane za usiku.

Mbona mliirudisha ripoti yangu kwa daktari?

Haikutaja upande. Wamarekani katika toleo lao wameongeza tarakimu: R93.811 kulia, R93.812 kushoto, R93.813 zote mbili. Msimbo wa R93.8 hauna tarakimu hiyo, kwa hiyo upande lazima uandikwe kwa maneno. Daktari anayeandika "kasoro ya korodani" halafu akaweka nukta anamwachia mpasuaji kitendawili (madaktari, mnajijua). Isome ripoti kabla hujatoka getini. Ukiona imeandikwa kulia na uvimbe uko kushoto, geuka papo hapo.

Nimejaribu mitishamba kwanza, kuna ubaya?

Ubaya ni hizo wiki zinazopita uvimbe ukikua. Mwambie daktari ulichokunywa, hatakung'ata.

Naona haya kuvua mbele ya daktari mwanamke.

Omba wa kiume. Asipokuwepo, vua.