S.L.P. Si Nyumbani kwa Babu

Tangu mwaka uanze, hii ni mara ya nne. Kijana ananitumia picha ya bahasha kuukuu aliyoikuta kwenye sanduku la nguo la marehemu bibi yake. "Shikamoo mzee. Naandika historia ya ukoo. Bahasha inasema S.L.P. Urambo, kwa hiyo babu alikuwa mkazi wa Urambo mjini, sivyo?"

Marahaba, mjukuu wangu. Sivyo. Nalijibu hapa hadharani, maana nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja huku historia za vijiji zinachapishwa na kosa lilelile.

Nimepanga barua kwenye njia hii ya Tabora na Kigoma sehemu kubwa ya maisha yangu. S.L.P. ni kisanduku chenye kufuli kwenye ukuta wa posta. Kinamwambia karani jambo moja tu: barua ikae wapi mpaka mwenyewe, au mtu wake, aje kuichukua. Mwenyewe anaweza kuwa analala mwendo wa siku nzima kwa baiskeli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na barua zikashika njia ya stesheni: Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza. Watu hawakuishi kwa kufuata stesheni. Waliishi penye maji na penye udongo wa kulima.

Na hili ni la kale kuliko reli. Mapema mwaka 1871 mpelelezi Livingstone alikuwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, lakini kituo chake cha barua kilikuwa Ujiji. Furushi la barua zake lenye tarehe 1 Novemba 1870 lilitoka Unguja likakwama Unyanyembe, hapa Tabora, mpaka Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta, alipolichukua na kumfikishia. Mwaka mzima ulikuwa umepita. Mtu yuko Manyema, anwani ni Ujiji, barua zimelala Tabora! Hata siku waliyokutana ina utata: vitabu vingi vinataja 10 Novemba, ilhali shajara ya Livingstone inaiweka Oktoba, kwa kuwa alikuwa amepoteza hesabu ya siku.

Kinachoniudhi hasa ni mstari ambao kila mtu anauruka. Turudi kwenye bahasha ya kijana. Chini ya jina la babu yake, kwa wino wa bluu uliopauka, pameandikwa: "Kwa mkono wa Katibu wa Kijiji." Kijana ameusoma mstari huo akaupita kama salamu, na historia anayoitafuta imo humo.

Kijiji kidogo hakikuwa na posta, kilikuwa na mtu. Alikuwa mwalimu mkuu, au padri wa misheni, au karani wa chama cha ushirika, au mwenye duka. Sanduku lilikuwa la shule au la chama, na kijiji kizima kikajibanza humo. Ukijua mkono ulikuwa wa nani, umejua watu walimwamini nani na barua za mikopo, za misiba na za watoto walioko migodini. Na huo mkono unakupa hata miaka. Sheria ya vijiji ilitungwa mwaka 1975. Mwaka uliofuata vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Nimeshika bahasha za familia moja, mpokeaji yuleyule, S.L.P. ileile: ya kwanza "kwa mkono wa Karani wa Chama", ya pili "kwa mkono wa Katibu wa Kijiji". Katikati ya bahasha hizo mbili nchi ilikuwa imepangwa upya.

Tena kati ya 1973 na 1976 watu walihamishiwa vijiji vya maendeleo. Nyumba zilibaki magofu na miembe ikaachwa inazaa bila mwenyewe. Sanduku halikuhama. Anwani ya mwaka 1970 na anwani hiyohiyo ya mwaka 1978 zinaweza kuelekea mahali pawili tofauti kabisa. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakibeba bahasha kwenda baraza la ardhi kuthibitisha shamba la baba. Bahasha haiwezi kuubeba mzigo huo, na inaniuma kuona undugu unavunjika juu yake.

Stempu nazo zisikusumbue sana. Miaka mingi Kenya, Uganda na sisi tulitumia stempu za pamoja, mpaka miaka ya sabini, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Tazama muhuri: wa mbele unasema barua ilitumwa wapi, wa nyuma, kama upo, unasema ilipita au ilipokelewa wapi. Ila tarehe ya muhuri nayo isichukuliwe kama msahafu. Vile vitarakimu hubadilishwa kwa mkono kila asubuhi, na nimeshuhudia kaunta yenye foleni ikigonga tarehe ya Jumamosi Jumatatu nzima. Kwa tofauti ya siku mbili tatu siwezi kumwapia mtu.

Nilimwambia kijana aiweke bahasha chini, amwendee shangazi yake, amuulize swali moja: nani alikuwa analeta barua?

Shangazi alikumbuka. Katibu alizileta kutoka Urambo kwa baiskeli, akazikabidhi shuleni. Asubuhi, paredi ikiisha, mwalimu alisoma majina, na watoto wakapokea barua za upande wao. Za babu hazikuwahi kupewa watoto wa pale karibu na shule. Alipewa yeye, shangazi mwenyewe, akiwa darasa la pili. Alizibana katikati ya daftari zisiloe jasho, akavuka mbuga, akapita kwenye miombo, mpaka kwenye kisima cha mwisho. Mlango uliotazama kisima ndio uliokuwa wa babu.